Audiophile 2496 kwenye Linux: kadi kongwe ya sauti kwa kazi ya kunakili kanda za kidijitali

Kadi ya sauti ya M-Audio Audiophile 2496 ni ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini itathminiwe leo, wakati kompyuta nyingi mpya hazina hata sloti ya kuichomekea. Jibu ni kwamba hapa Kampala kompyuta za mezani za mtumba bado ndizo zinazobeba kazi katika studio ndogo, katika ofisi za misikiti na makanisa na katika vyumba vya nyuma vya vituo vya redio, na baadhi yake, hasa zile Dell OptiPlex za umbo la mnara, zina sloti moja ya PCI ambayo haijawahi kuguswa tangu zitoke kiwandani. Niliyonunua mimi ilikuwa imetumika, na bei yake haikukaribia bei ya kifaa kipya cha USB chenye mlango wa kidijitali wa kuingizia, ukijumlisha usafiri na ushuru wa kukiingiza nchini.

Kazi niliyoinunulia ni moja tu, na tathmini hii inahusu kazi hiyo: kuhamisha sauti kutoka kwenye kanda ndogo za kidijitali za DAT na minidiski hadi kwenye faili za kompyuta, bila kugeuza hata biti moja. Kanda zenyewe ni za kaswida, mawaidha ya Kiswahili na harusi za Wanubi wa Bombo, na mwenye nazo ni Hajji mmoja aliyekuwa akirekodi shughuli hizo kwa vyombo vyake mwenyewe. Sharti lake lilikuwa kwamba nisizipambe wala nisizisafishe. Apewe kilichomo, na usafishaji, ukihitajika, ufanyike baadaye kwenye nakala nyingine. Ni sharti la busara, na ndilo lililonilazimu kutafuta kadi yenye mlango wa kidijitali unaofanya kazi kweli chini ya Linux, badala ya kupitisha waya kutoka tundu la kusikilizia.

Deki ya DAT, ambayo Sony waliileta sokoni mwaka 1987, huhifadhi namba na si wimbi la sauti kama kaseti ya kawaida. Kwa kila sekunde huandika sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000, au 44,100, au 32,000, na kwa kawaida kila sampuli ina biti 16 kwa kila upande wa stirio. Ukitoa sauti hiyo kwa waya wa analogi, namba hugeuzwa kuwa umeme, umeme hubeba mvumo wa njiani, kisha kompyuta huugeuza tena kuwa namba ambazo si zile za mwanzo. Mlango wa S/PDIF, uliobuniwa na Sony na Philips, hupitisha namba zilezile. Una sura mbili: waya wa koaksi wa omu 75 wenye kichwa cha RCA, na kebo ya mwanga ya TOSLINK ambayo Toshiba waliianzisha mwaka 1983. Kwa minidiski, iliyotoka mwaka 1992, mambo ni hayohayo, ila inafaa kukumbuka kwamba sauti yake ilibanwa kwa mfumo wa ATRAC siku iliporekodiwa, na mlango wa kidijitali haurudishi kilichotupwa siku ile. Unachofanya ni kuzuia hasara ya pili.

Sasa kadi yenyewe. Kwenye bati lake la nyuma kuna jeki nne za RCA, na zote nne ni za analogi: mbili za kuingizia na mbili za kutolea. Sauti ya kidijitali haipiti hapo. Hupita kwenye kiungo cha pini 15 kilicho pembeni, ambacho hupokea kebo fupi yenye mikia kadhaa: RCA mbili za S/PDIF, moja ya kuingizia na moja ya kutolea, pamoja na viungo viwili vya MIDI, vya kuunganisha ala za muziki. Ninalikazia hili kwa sababu kebo hiyo ndiyo hupotea kwanza kadi inapohama kutoka mikono hadi mikono, na muuzaji atakuonyesha zile jeki nne kwa uso mkunjufu na kukuhakikishia kwamba kila kitu kipo. Bila kebo hiyo umenunua kadi ya analogi. Fundi hodari wa Katwe anaweza kuiunda upya akipewa mchoro wa pini, lakini ni afadhali uulizie kebo kabla ya kuulizia bei.

Mlango wake ni wa koaksi pekee, ilhali deki za minidiski kwa kawaida hutoa sauti kwa mwanga. Hapo inahitajika kigeuzi kidogo cha kutoka mwanga kwenda koaksi, kijisanduku kinachotumia umeme wa volti 5 na kinachopatikana kwa bei nafuu kwa wauzaji wa vifaa vya televisheni. Kigeuzi hicho hakigusi namba. Hubadilisha tu mwanga kuwa umeme.

Kiini cha kadi ni chipu ya ICE1712, ijulikanayo pia kama Envy24, iliyobuniwa na kampuni ya IC Ensemble na baadaye ikawa mali ya VIA. Karibu nayo kuna AK4528, inayogeuza analogi kuwa namba na namba kuwa analogi, na CS8427 ya Cirrus Logic, ambayo hupokea mkondo wa S/PDIF. Majina haya yana uzito kuliko jina lililo kwenye boksi, kwa maana anayetumia Linux, au mifumo mingine huria kama FreeBSD na OpenBSD, hununua chipu. Tazama familia hii moja tu. Audiophile 2496 hutumia ICE1712 na draiva ya snd-ice1712. Audiophile 192, ambayo kwa jina ni nduguye mdogo, hutumia chipu nyingine, ICE1724, na draiva nyingine, snd-ice1724. Audiophile USB ni kitu cha tatu kabisa: huendeshwa na snd-usb-audio, na ili ifanye kazi yake ya kidijitali ipasavyo huhitaji kupewa kigezo cha device_setup draiva inapopakiwa, jambo lililofanya iandikiwe mwongozo wake peke yake katika nyaraka za ALSA, mfumo wa sauti wa Linux. Anayeuliza dukani kama "Audiophile inafanya kazi kwenye Linux" ameuliza maswali matatu kwa mpigo, na muuzaji atamjibu moja, bila yeyote kati yao kujua ni lipi.

Njia ya kujua ulichonacho ni kuichomeka kadi na kuendesha amri ya lspci -nn. Ukiona namba 1412:1712, hiyo ni ICE1712. Namba hiyo hutumiwa na kadi nyingi za kampuni mbalimbali, na draiva huzitofautisha kwa kusoma kumbukumbu ndogo iliyo kwenye kila kadi, kisha hujua ni vifaa gani vingine vimezunguka chipu. Kwenye mashine yangu ya Debian sikuhitaji kusakinisha chochote: baada ya kuwasha, faili ya /proc/asound/cards iliitaja kadi kwa jina la M2496, nayo ilikuwa tayari. Hii ndiyo faida ya chipu ambayo utendaji wake umekwisha kufahamika miaka mingi. ALSA iliingia katika kerneli (kiini cha Linux) ya majaribio ya 2.5 mwaka 2002 na kuwafikia watu wote katika 2.6 mwishoni mwa 2003, na draiva ya ICE1712 imo humo tangu enzi hizo.

Kinachowakwaza wengi baada ya hapo ni kwamba kadi hii yenye milango michache hujitambulisha kuwa na chaneli 12 za kurekodi na 10 za kucheza. Chipu ilibuniwa kwa kadi kubwa zaidi, na draiva huonyesha chipu ilivyo. Chaneli nane za mwanzo za kurekodi ni za analogi, na hapa mbili tu ndizo zenye kitu. Ya tisa na ya kumi ni za S/PDIF. Mbili za mwisho ni za mchanganyo wa ndani. Zote huja katika umbo la S32_LE, yaani biti 32 ambazo 24 za juu pekee ndizo hubeba sauti. Programu inayofungua kifaa moja kwa moja na kuomba chaneli mbili za biti 16 hukataliwa, na mtumiaji aliyezoea kadi za kawaida hudhani kwamba kadi imekufa. Haijafa. Maktaba ya ALSA ina maelezo ya kadi hii yanayochota chaneli ya tisa na ya kumi na kuzitoa kama stirio ya kawaida, na kifaa hicho huitwa kwa namba ya zamani ya kiwango cha kimataifa kinachotawala S/PDIF. Amri ninayotumia ni hii:

arecord -D iec958:CARD=M2496 -f S32_LE -c 2 -r 48000 kanda.wav

Amri hiyo peke yake, hata hivyo, haitoshi, na hapa ndipo penye kiini cha suala zima la kuingiza sauti ya kidijitali, kwenye mfumo wowote wa kompyuta.

Kila deki ina saa yake, yaani fuwele inayopiga mapigo yanayoamua lini sampuli itolewe. Kadi nayo ina saa yake. Zote mbili zimeandikwa 48,000, lakini hakuna fuwele mbili zinazolingana kabisa. Tofauti ya sehemu 20 katika milioni, ambayo kwa vifaa vya kawaida si kubwa, ni karibu sampuli moja kwa kila sekunde. Ikiwa kadi inaendelea kufuata saa yake yenyewe huku ikipokea sampuli kutoka kwenye deki, basi kila baada ya sekunde moja hivi italazimika ama kuiacha sampuli moja ama kuirudia moja. Ni kama mpokeaji matofali asiyeenda sawa na mrushaji wake: hata wakipishana kidogo sana, mwishowe tofali moja litaanguka. Kwenye mazungumzo hutasikia kitu. Kwenye sauti ya dufu, au ya mwimbaji anayeshikilia noti ndefu, utasikia kijimlio kidogo kisicho na chanzo, na ukisafisha faili utaweza kudhani kuwa ni kanda iliyochakaa.

Dawa ni kuiambia kadi iache saa yake na ifuate ile iliyomo ndani ya mkondo wa S/PDIF, kwa sababu mkondo huo huandikwa kwa namna inayobeba data na mapigo kwa pamoja, na CS8427 huweza kuyachomoa mapigo hayo. Kwenye Linux jambo hili hufanywa kwa programu ya envy24control, iliyo katika kifurushi cha alsa-tools. Dirisha lake ni la kizamani na limejaa vitelezi visivyo na maelezo, lakini kwenye ukurasa wa mipangilio ya kadi kuna orodha ya saa kuu: 44,100, 48,000, 96,000 na kadhalika kwa saa ya ndani, na mwisho S/PDIF In. Chagua hiyo ya mwisho. Ukimaliza, hifadhi mipangilio kwa alsactl store, la sivyo siku kompyuta itakapozimwa na kuwashwa tena huenda kadi ikarudi kwenye saa yake ya ndani bila kukuarifu, na kazi ya siku nzima ikawa na vijimlio.

Kufuata saa ya nje kuna gharama moja ambayo mnunuzi aijue. Kadi inapofuata deki, kasi halisi huamuliwa na deki, na ile -r uliyoandika kwenye amri hubaki kuwa kibandiko tu kwenye faili. Kanda ya DAT iliyorekodiwa kwa 48,000 ukiibandika 44,100, itasikika ikienda polepole kwa takriban asilimia 8, na sauti ya mwanamke itasikika nzito kuliko ilivyo. Namba hazijaharibika na kibandiko kinaweza kurekebishwa baadaye, lakini ni vyema kusoma skrini ya deki kabla ya kila kanda, kwani watu waliorekodi miaka ile walibadilisha kasi kwa sababu zao wenyewe, mara nyingine ili kubana matumizi ya kanda.

Nilitaka uthibitisho kabla ya kugusa kanda za Hajji, nao ni rahisi kuupata. Chukua CD safi isiyo na mikwaruzo. Kwanza isome kwa kiendeshi cha kompyuta kwa kutumia cdparanoia, upate faili ya wimbo mmoja. Kisha weka CD hiyohiyo kwenye mashine ya CD yenye tundu la kidijitali, ipitishe kwenye kadi kwa amri ile ya juu ikiwa na 44,100, na urekodi wimbo uleule. Ondoa ukimya wa mwanzo ili faili zote mbili zianzie sampuli moja, punguza ya pili iwe biti 16, kisha zilinganishe kwa cmp. Kadi ikiwa kwenye saa ya S/PDIF, faili zangu zililingana kuanzia sampuli ya kwanza hadi ya mwisho. Ikiwa kwenye saa ya ndani, zililingana kwa kitambo kifupi kisha zikaachana na hazikurudiana tena. Sijui kipimo kingine kinachomtoa mtu wasiwasi haraka namna hiyo, na hakihitaji sikio zuri wala spika za gharama.

Kuna kipimo cha pili, chepesi zaidi, cha kutumia katika kazi ya kila siku. Sauti ya CD au DAT ina biti 16, na kadi huzipanga kwenye sehemu ya juu ya zile biti 32. Zilizobaki chini zinapaswa kuwa sifuri tupu. Programu ya SoX, ukiipa faili na maneno -n stats, hutoa mstari wa Bit-depth. Ukionyesha kwamba biti 16 pekee ndizo zinazotumika, hakuna kilichoigusa sauti njiani. Ukionyesha zaidi, kuna mtu katikati: ama kitelezi cha sauti kimepunguzwa, ama programu fulani imebadilisha kasi ya sampuli. Kipimo hiki kisitumiwe kwa minidiski, kwa kuwa baadhi ya deki zake hutoa zaidi ya biti 16 baada ya kuifungua sauti iliyobanwa.

Mtu huyo wa katikati, kwenye mifumo ya siku hizi, mara nyingi ni PipeWire, programu inayogawa sauti kati ya kadi na programu nyingine. Kwa mipangilio yake ya kawaida huendesha kila kitu kwa 48,000, na sauti ya 44,100 ikiingia huibadilisha kimyakimya. Kwa kusikiliza muziki au kufanya mikutano ya mtandaoni hilo halina neno, na hubadilisha kwa ustadi. Kwa kazi ya kuhifadhi kanda ni kosa. Inawezekana kuongeza 44,100 kwenye orodha ya kasi zinazoruhusiwa, lakini mimi hupendelea kuiondoa kadi mikononi mwake kabisa: fungua pavucontrol, nenda kwenye ukurasa wa usanidi, na uiweke kadi kwenye hali ya kuzimwa. Jina lake litatoweka kwenye programu za kawaida, na arecord itaipata peke yake bila mshindani.

Jambo moja la kadi hii lililonifurahisha kuliko nilivyotarajia ni mchanganyo wa ndani wa chipu. Unaweza kuielekeza sauti inayoingia kwa S/PDIF moja kwa moja hadi kwenye jeki za analogi za kutolea, bila kupita kwenye programu yoyote, huku kurekodi kukiendelea bila kuguswa. Hajji hukaa na vipokea sauti masikioni, akataja majina ya waimbaji na mwaka wa harusi, nami ninaandika, na hakuna anachofanya kwenye kitelezi cha sauti yake kinachoingia kwenye faili.

Nje ya Linux, sifa zinapungua haraka. FreeBSD ina draiva ya snd_envy24, na kadi hii imetajwa waziwazi katika orodha yake. Lakini ukurasa wa maelezo wa draiva hiyohiyo unasema kwamba ni kucheza kwa analogi pekee kunakowezekana, na kwamba kurekodi hakuwezekani. Kwa kazi yetu, basi, kadi hii kwenye FreeBSD haifai kitu, na ni mfano mzuri wa tofauti kati ya kadi kutambuliwa na kadi kufanya kazi unayoitaka. Aliyeshikamana na FreeBSD atafute kifaa cha USB kinachofuata kiwango cha kawaida cha sauti, kisha azime chaneli za kubuni na kuweka dev.pcm.0.bitperfect kuwa 1, ambapo 0 ni namba ya kifaa chake. Mtumiaji wa OpenBSD naye akumbuke kwamba mfumo huo, kwa sababu za faragha, hurekodi ukimya mtupu hadi kern.audio.record iwekwe kuwa 1. Najua watu waliobadilisha kebo na kadi kabla ya kulijua hilo.

Kuhusu vifaa vingine vinavyoonekana madukani, nianze na onyo. Behringer UCA202 na UCA222 ni vijisanduku vya USB maarufu, nafuu, na hutambuliwa na Linux bila usumbufu wowote. Vina tundu la mwanga pembeni, na wengi huvinunua wakiamini kwamba ni la kuingizia. Ni la kutolea tu. Kuingiza ni kwa analogi, biti 16, hadi 48,000. Kwa kunakili kaseti za kawaida ni chaguo zuri, kwa DAT hapana. Sound Blaster Live!, ambayo bado huonekana kwenye mashine kuukuu, ina njia ya kidijitali, lakini chipu yake ya EMU10K1 hufanya kazi zote za ndani kwa 48,000, kwa hiyo sauti ya CD au minidiski haitoki salama. Pia nimewahi kununua katika duka moja la mjini kadi ya USB isiyo na jina la maana, yenye tundu la mwanga la kuingizia na maandishi mazuri kwenye boksi. Ilipokea sauti, ikasikika vizuri, na kwenye kipimo cha cmp haikulingana hata mara moja, kwa kuwa haikuwa na njia yoyote ya kufuata saa ya nje.

Mwenye fedha na asiye na sloti ya PCI aangalie vifaa vya USB vya Focusrite Scarlett vyenye S/PDIF, kama 8i6. Kwa kizazi cha pili na vilivyofuata, Geoffrey Bennett ameandika draiva ya vidhibiti vyake iliyoanza kuingia kwenye kerneli ya 5.4 mwaka 2019, pamoja na dirisha la alsa-scarlett-gui linaloonyesha chanzo cha saa na kama kifaa kimeishika saa hiyo. Alama hiyo ya kushika saa ni kitu ninachokitamani kwenye envy24control kila siku ninapofanya kazi.

Mambo mawili ya mazingira yetu. La kwanza ni waya wa ethi. Katika majengo mengi ya zamani ethi haipo au ipo kwa jina tu, na deki na kompyuta zilizochomekwa kwenye soketi mbili tofauti huweza kuwa na tofauti ya umeme kati ya maganda yake. Kwenye waya wa analogi tofauti hiyo husikika kama mvumo wa hezi 50. Kwenye koaksi ya kidijitali mvumo hauwezi kuingia kwenye namba, lakini umeme wenyewe bado unapita kwenye ganda la waya kati ya vyombo viwili, na mlango wa S/PDIF hufanya kazi kwa takriban nusu volti tu. Kebo ya mwanga haipitishi umeme kabisa. Kwa hiyo hata deki ikiwa na matundu yote mawili, ninatumia la mwanga na kile kigeuzi, mradi kigeuzi kipate umeme wake kutoka kwenye USB ya kompyuta hiyohiyo.

La pili ni kukatika kwa umeme. Kunakili kwa njia hii huenda kwa muda halisi: kanda ya saa mbili huchukua saa mbili, na umeme ukikatika dakika ya tisini, kichwa cha faili ya WAV hubaki na urefu usio sahihi na programu nyingine zitakataa kuifungua. UPS ndogo inayobeba kompyuta na deki ni sehemu ya gharama ya kazi hii. Aliyekwisha kupatwa na balaa hilo asiifute faili. SoX ikipewa --ignore-length huisoma hadi mwisho wa data iliyoandikwa.

Kwa upande wa nafasi, saa moja ya stirio ya 48,000 kwa biti 32 ni takriban gigabaiti 1.38, na ikirudishwa kwenye biti 16 ni megabaiti 691. Ninaporudisha hutumia sox -D, kwa sababu bila -D programu hiyo huongeza kelele hafifu ya makusudi kila inapopunguza biti, desturi nzuri kwa kazi za muziki na mbaya kwa kazi hii ambayo biti za chini ni sifuri tayari. Faili ya mwisho huwa ya FLAC, ambayo hubana bila kupoteza kitu na huhifadhi ndani yake alama ya kuhakiki sauti, ili Hajji au mjukuu wake aweze kuendesha flac -t na kujua kama nakala iliyo kwenye diski yake bado ni nzima.

Kadi hii haimfai mwenye kompyuta ya mkononi, wala anayetaka kurekodi kwa maikrofoni, kwani haina tundu la XLR la maikrofoni wala umeme wa kuendeshea maikrofoni za kondensa. Mwenye OptiPlex ya mnara, Linux, deki inayofanya kazi na rundo la DAT ainunue akiikuta na kebo yake ya mikia, na asikubali kulipa zaidi kwa sababu imeandikwa biti 24 na kilohezi 96 kwenye boksi: kanda zake hazina hivyo vitu ndani.